Eka Tatu za Kidichi: Tumkumbukapo Mzee Karume

Kila ifikapo tarehe 12 Januari, Unguja na Pemba huadhimisha Mapinduzi ya mwaka 1964, na jina la Mzee Abeid Amani Karume hutajwa kuliko majina yote. Sisi twapenda kuanza mbali kidogo na uwanja wa gwaride, huko Kidichi, juu ya Bububu, katikati ya mikarafuu. Pale ingali imesimama hamamu ya mawe aliyoijenga Seyyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Wageni huitazama, kisha huenda zao. Wachache huwaangalia wakulima waizungukao.

Mikarafuu ya Unguja ilipandwa kwa mikono ya watumwa. Sheria ya kukomesha utumwa ilitolewa mwaka 1897, lakini ardhi ilibaki kwa mabwana wale wale. Mkulima maskini aliruhusiwa kupanda muhogo chini ya miti ya mwenye shamba. Mti wa kudumu alikatazwa, kwani apandaye mnazi huweza siku moja kudai na udongo wake. Siasa zilipopamba moto baada ya mwaka 1957, wengi walifukuzwa mashambani kwa sababu ya chama walichokipenda.

Karume alitoka katika watu hao wanyonge. Alizaliwa Mwera mwaka 1905, akasoma shule kidogo tu, akawa baharia wa meli za mizigo na kuiona dunia. Aliporudi aliongoza wenye mashua za kuchukua abiria baina ya meli na bandari. Twafikiri huko ndiko alikojifunza kusema na watu wa kila kabila. Mwaka 1957 alikuwa kiongozi wa chama kipya cha Afro-Shirazi, na katika uchaguzi wa Julai mwaka ule alimshinda Ali Muhsin katika jimbo la Ng'ambo.

Uchaguzi wa Julai 1963 ulimwachia uchungu. Chama chake kilipata kura 54 katika kila mia, lakini viti 13 tu katika 31. Basi uhuru wa tarehe 10 Desemba ukaja, bendera ya Mwingereza ikashuka, na wengi wa wananchi wakaona kwamba sherehe ile si yao. Haikupita miezi miwili, serikali ile ikaangushwa. Sauti iliyovuma redioni ilikuwa ya John Okello. Aliyekuwa Rais ni Karume. Damu nyingi ilimwagika siku zile, hasa ya Waarabu, wake kwa waume, na si haki kuiadhimisha siku hii bila kuwakumbuka wafu hao pia.

Mwezi Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, kisha mashamba yakagawanywa, eka tatu kwa kila jamaa. Zaidi ya jamaa 20,000 walipata. Mtu ambaye baba yake alikatazwa kupanda mnazi sasa alisimama chini ya mikarafuu na kuiita yake. Hili ni tendo kubwa, wala hatuoni sababu ya kulipunguza.

Hata hivyo eka zile zilikuwa za kutumia, si za kuuza, na karafuu zilinunuliwa na serikali peke yake kwa bei iliyoitaka yenyewe. Yeye aliyenyimwa haki kwa hesabu ya viti hakuitisha uchaguzi hata mmoja, na baadhi ya wenzake wa zamani, kama Othman Shariff na Abdullah Kassim Hanga, waliuawa bila kesi ya hadhara. Tarehe 7 Aprili 1972 naye akapigwa risasi katika makao ya chama chake, Kisiwandui, akazikwa papo hapo. Uchaguzi wa viongozi wa Zanzibar yenyewe ulifanyika tena mwaka 1980.

Huko Kidichi mashamba yangali yakilimwa. Mgeni atokaye hamamuni huoneshwa mdalasini, hiliki na pilipili manga, na mikarafuu mirefu nyuma yake.