Emin Pasha: Daktari Aliyeachiwa Jimbo

Askari wetu waliopata kutumika katika vituo vya Nile ya Magharibi wamesikia habari za maboma ya kale ya Wadelai na Dufile. Aliyeyatawala maboma hayo, Emin Pasha, hakuzaliwa na jina hilo, wala hakupata kusomea uanajeshi. Tumeona yafaa kuwasimulia wapiganaji na polisi maisha yake, kwa kuwa yamegusa chimbuko la majeshi ya nchi hii.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia, lililokuwa chini ya Prussia. Leo mji huo umo katika Poland. Aliitwa Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, naye akabatizwa angali mtoto. Alisomea udaktari hata mwaka 1864, lakini hakupata ruhusa ya kuifanya kazi hiyo kwao. Ndipo alipofunga safari akaenda Antivari, bandari ya Waturuki katika pwani ya Adriatiki, akawa daktari wa karantini. Huko alijifunza lugha nyingi, akavaa mavazi ya wenyeji. Baadaye aliingia katika utumishi wa gavana mmoja wa Kituruki, Ismail Hakki Pasha. Gavana huyo alipofariki mwaka 1873, Schnitzer alimchukua mjane na watoto wake hadi nyumbani kwao Silesia. Mwaka 1875 akaondoka ghafla, akawaacha huko.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo alifika Khartoum, akiwa sasa na jina la Emin, maana yake mwaminifu. Alitibu wagonjwa, na nafasi yake yote iliyobaki akaitumia kukusanya ndege na mimea, akiipeleka katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mwaka 1876 Gordon, aliyekuwa gavana wa Ikwetoria kwa niaba ya Misri, alimwita Lado awe mganga mkuu. Alimtuma pia kama mjumbe kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na kwa Omukama Kabalega wa Bunyoro. Mwaka 1878 daktari huyo, mwenye miwani na macho hafifu, akakabidhiwa jimbo zima.

Emin alipambana na biashara ya watumwa, akatengeneza hesabu za jimbo, wala hakuacha kuchunguza ndege. Lakini mwaka 1881 Mahdi aliinua bendera yake Sudani, na kufikia mwaka 1883 njia ya kwenda Khartoum ilikuwa imefungwa. Hapakuwa na meli, mshahara wala barua. Askari walijifumia nguo kwa pamba waliyoilima wenyewe. Januari 1885 Khartoum ilitekwa, Gordon akauawa, na Emin akarudi nyuma kusini hadi Wadelai.

Aprili 1888 Stanley aliwasili katika Ziwa Albert kumwokoa. Askari walipoambiwa kuwa wataondoka kwa njia ya pwani ya mashariki, hawakusadiki. Wao waliijua njia moja tu ya kwenda Misri, nayo ilipita Khartoum. Wengi waliamini kuwa mji huo haujaanguka, kwamba barua za Stanley ni za uongo, na kwamba wanapelekwa kuuzwa kwa Waingereza. Mwezi wa Agosti waliasi, wakamfunga Emin huko Dufile. Hata hivyo, majeshi ya Mahdi yaliposhambulia Dufile mwezi wa Novemba, askari hao hao waliilinda ngome, wakamrudisha adui nyuma.

Aprili 1889 Emin aliondoka na Stanley, na sehemu kubwa ya askari wakabaki. Tarehe 4 Desemba walifika Bagamoyo. Usiku ule, katika karamu, Emin alianguka kutoka dirisha la ghorofani, akaumia vibaya kichwani. Alipopona aliingia katika utumishi wa Wajerumani, na mwaka 1890 akajenga boma la Bukoba. Mwaka 1891 alirudi Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, kuwaita askari wake wa zamani. Alikuja chini ya bendera nyingine. Wengi wao, pamoja na kiongozi wao Selim Bey, wakakataa kumfuata. Mwaka ule ule Lugard alipofika kuwachukua, Selim Bey alishikilia kwamba wao ni askari wa Khedivi wa Misri, na pasipo idhini yake hawawezi kuwa wa mwingine.

Askari hao waliletwa Uganda, wakawekwa katika maboma, na kutokana nao kikaundwa kikosi cha Uganda Rifles mwaka 1895. Emin aliendelea na safari magharibi, msafara wake ukipukutishwa na ndui. Oktoba 1892 aliuawa katika Kongo na wafanyabiashara ya watumwa.

Nasi tunaoshughulika na habari za jeshi twaona jambo moja. Askari wa Ikwetoria hawakukosa ushujaa wala uaminifu. Dufile na Kavalli zashuhudia. Walikosa habari za kweli kwa miaka mitano, na uvumi ukashika mahali pa amri. Kamanda asiyewaeleza askari wake yaliyo kweli, mapema na kwa lugha wanayoielewa, asishangae siku atakapowaambia kweli nao wasimsadiki.