Imamu Shafii: Yatima Aliyehesabu Alichonacho

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, kila mwaka tunawaona watoto wawili watatu wakiacha madrasa. Tukiwauliza sababu, mmoja husema kichwa chake kizito, mwingine husema kwao hakuna uwezo, na wa tatu alikosea mbele ya wenzake, wakamcheka, akaona basi. Aghalabu akili haikukosekana. Mtoto amejidhania vibaya, kisha akaiamini dhana yake. Kwa hiyo tumeona tuwasimulieni maisha ya Imamu Shafii (R.A.). Jina lake mnalisikia kila siku katika darsa la fiqhi, lakini taabu zake wengi wetu hatuzijui.

KUZALIWA NA UTOTO WAKE

Jina lake ni Muhammad bin Idris. Alizaliwa Gaza, Palestina, mwaka 150 Hijria (767 Miladia). Baba yake alifariki naye angali mchanga. Alipofika miaka miwili hivi, mama yake alimchukua mpaka Makka, kwa jamaa za baba yake, Makuraishi. Nasaba tukufu ilikuwepo, mali haikuwepo.

Alipopelekwa chuoni, mama hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mtoto angeweza kukaa pembeni akajiona mnyonge. Yeye aliyashika yale waliyofundishwa wenzake, na mwalimu alipoondoka akawasomesha wao. Mwalimu akaona faida anayoipata kwa kijana huyu inazidi ada, akamsamehe malipo. Alihifadhi Qurani akiwa na miaka saba, kisha Muwatta, kitabu cha Imamu Malik, akiwa na miaka kumi hivi. Hakuweza kununua karatasi, basi aliandika juu ya mifupa. Tena alikwenda katika ofisi za serikali kuomba karatasi zilizokwisha tumika, akaandika nyuma yake.

KUTAFUTA ELIMU

Alikaa jangwani na kabila la Hudhail akajifunza Kiarabu fasihi, mashairi na kulenga mishale. Makka alisoma kwa Sheikh Muslim bin Khalid Zanji, mufti wa mji huo, na kwa Sufyan bin Uyayna. Kisha akaenda Madina kwa Imamu Malik mwenyewe, akabaki naye mpaka Imamu huyo alipofariki mwaka 179 Hijria (795).

MTIHANI MKUBWA

Baada ya hapo alihitaji riziki, akapata kazi ya serikali Yemen. Imesimuliwa kwamba mama yake aliiweka nyumba rehani ili apate nauli. Kijana alifanya kazi kwa uadilifu, na uadilifu ule ukamletea maadui. Mwaka 184 Hijria (800) alisingiziwa kuwa ni pamoja na watu wanaotaka kumpindua Khalifa Harun Rashid. Alifungwa minyororo akapelekwa mbele ya Khalifa. Wapokezi wanasema kwamba wenzake walioshitakiwa naye waliuawa. Yeye alijitetea kwa hoja, na mwanachuoni Muhammad bin Hasan Shaybani, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, akamshuhudia kwa wema. Allah akamwokoa.

Tulitazame hapa, wanafunzi wetu. Ana miaka 34, kazi imepotea, jina limechafuliwa, yuko mbali na mama yake. Hatusemi kwamba minyororo haikumuumiza. Lakini alitazama akaona yuko karibu na wanavyuoni wa Iraq, ambao elimu yao hakuwa nayo. Akakaa kwa Shaybani, akavisoma na kuvinakili vitabu vyake. Hivyo akakusanya elimu ya Madina na elimu ya Iraq katika kifua kimoja. Wale waliomsingizia walitaka kumwangamiza, na njia waliyompeleka ndiyo iliyomfanya Imamu.

MISRI NA KUFARIKI KWAKE

Alirudi Makka akasomesha katika Msikiti Mtukufu, kisha akasomesha Baghdad. Miongoni mwa waliochukua elimu kwake ni Imamu Ahmad bin Hanbal. Karibu na mwaka 199 Hijria (814) alihamia Misri. Huko alizipitia upya rai zake za zamani, na nyingine akaziacha hadharani baada ya kuona dalili yenye nguvu zaidi. Hakuona kwamba kujisahihisha kunamshusha cheo. Aliandika akiwa mgonjwa, maradhi yakimdhoofisha, mpaka alipofariki mwisho wa Rajab mwaka 204 Hijria (820), akiwa na miaka 54. Miongoni mwa vitabu alivyotuachia ni Risala na Al-Umm.

Elimu yake ilivuka bahari. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake wakifuata madhehebu ya Shafii, na mpaka leo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, tumdhanie Allah (S.W.) vyema, hasa siku mlango mmoja unapofungwa. Pili, dhana njema huenda pamoja na kazi. Imamu hakungojea karatasi mpya, aliomba zilizotumika. Tatu, mwenye kukosea leo asijiite mjinga. Ajisahihishe, aendelee na darsa.

Na wazazi wetu, mkumbukeni mama yule mjane. Hakuwa na ada, lakini alimpeleka mwanawe chuoni. Msimwite mtoto wenu mzito mbele ya nduguze, kwani neno la mzazi hukaa moyoni miaka mingi.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Imamu wetu, awarudishe darasani waliokata tamaa, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.