Abu Talha, baba wa kambo wa Anas

Ukimuuliza mwanafunzi wa madrasa Abu Talha al-Ansari (ra) ni nani, kama amepata kumsikia atakwambia ni yule mpiga mishale wa Uhud. Hajakosea. Katika vita ile ya mwaka wa 3 Hijria (625) alisimama mbele ya Mtume (saw) akimkinga kwa ngao yake, akavuta upinde mpaka pinde mbili au tatu zikamvunjikia mkononi. Lakini hayo ni ya siku moja. Siku zake nyingine alikuwa mtu wa shamba, mwenye mke, watoto, farasi, kisima cha maji matamu na marafiki wa kula nao. Huyo ndiye hasimuliwi sana, na huyo ndiye ninayetaka kumkumbuka leo.

Jina lake hasa ni Zayd bin Sahl, wa Banu Najjar. Ndugu msomaji, usiifikirie Madina ya wakati ule kama mji wa nyumba zilizobanana. Vilikuwa ni vitongoji, kila ukoo na mitende yake na visima vyake, na katikati ni njia za vumbi. Katika Ansari wote hapo Madina hakuna aliyemzidi Abu Talha kwa mali ya mitende. Alipenda kuwinda, na nyumba yake ilikuwa nyumba ya wageni.

Haya tumeyajuaje? Kwa sehemu kubwa tumeyajua kwa Anas bin Malik (ra), na Anas hakuwa mwanawe wa kumzaa. Baba yake Anas, Malik bin Nadhr, aliposikia mkewe Ummu Sulaym amesilimu alikasirika, akaondoka kwenda Sham na akafia huko. Mama akabaki na mtoto. Abu Talha alipokuja kuposa alikuwa bado anaabudu masanamu, na Ummu Sulaym akamjibu kwamba mtu kama yeye harudishwi, ila yeye ni Mwislamu na mposaji si Mwislamu. Akisilimu, basi huo ndio mahari yake, hataki dhahabu wala fedha. Abu Talha akaenda akafikiri, akarudi amesilimu. Tunapenda sana kuihadithia mahari hiyo katika khutuba za ndoa. Tunachosahau kutaja ni kwamba katika ndoa ile palikuwa na mtoto wa mume mwingine, na tajiri yule wa mitende hakuweka sharti la kumwondoa.

Mitaani kwetu jambo hili si dogo. Mwanamume anaoa mjane au mtalaka, na wiki ya kwanza tu mtoto anafungiwa kibegi, anapelekwa kwa bibi yake kijijini. Akibaki, atajulishwa kila siku kwamba sahani anayolia si ya baba yake. Na wapo wanaofanya hivyo huku wakiswali safu ya mbele.

Abu Talha alifanya nini? Mtume (saw) alipofika Madina mwaka 622, Anas akiwa na miaka kama kumi, Abu Talha alimshika mkono mtoto yule, akampeleka kwa Mtume (saw), akamsifia kuwa ni kijana mwerevu na akaomba awe mtumishi wake. Zipo riwaya zinazosema mama ndiye aliyempeleka, na hakuna ugomvi hapo, kwani nyumba ilikuwa moja na nia moja. Lakini picha ya mtu mzima, mwindaji, akitembea njiani na mtoto wa mkewe mkononi huku akimsifia mbele za watu, imebaki katika Sahihi Bukhari mpaka leo, na aliyeihifadhi ni mtoto mwenyewe.

Kuna kisa kingine cha sungura. Walikuwa Marr Dhahran, karibu na Makka, watu wakamfukuza sungura mpaka wakachoka. Anas akamkamata. Hakumpeleka kwa mwingine ila kwa Abu Talha, naye akamchinja, akamtuma Anas ampelekee Mtume (saw) mapaja, na yakapokelewa. Mafakihi wameitoa humo hukumu ya uhalali wa sungura, na ni sawa. Mimi naona pia kijana anayetweta, amebeba windo, anayejua ni nani atakayefurahi naye.

Kabla pombe haijaharamishwa, nyumbani kwa Abu Talha palinywewa. Siku moja wamekaa, yeye na wakubwa kama Abu Ubayda na Ubayy bin Kaab, na Anas ndiye anayewamiminia kinywaji cha tende. Akapita mtu akitangaza kwamba pombe imeharamishwa. Abu Talha hakutafuta uhakika wa pili, hakusema tumalize kilichomo. Alimwamuru Anas avimwage na kuvivunja vyombo, na Anas akachukua jiwe la kutwangia akavipasua. Burudani yao ikaishia hapo. Lakini nyumba haikugeuka kuwa ya huzuni, kwani Mtume (saw) aliendelea kuingia humo, kula, kulala mchana, na kumtania mdogo wake Anas, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea kikamfia.

Hata farasi wake ana kisa. Aliitwa Mandub, na mwendo wake ulikuwa wa kujivuta. Usiku mmoja Madina ikashtuka kwa kelele, Mtume (saw) akampanda mtupu bila tandiko akatangulia peke yake, na aliporudi akawatuliza watu na kumfananisha farasi yule na bahari kwa mbio zake. Tangu hapo hakupitwa tena.

Kisha likaja la msiba. Mtoto wa Abu Talha aliugua, na maulamaa wamesema ndiye yule yule Abu Umayr. Akafa baba akiwa hayupo. Ummu Sulaym akakataza mtu yeyote asimwambie, akampa mumewe chakula, akajipamba, wakawa pamoja kama mke na mume. Baadaye akamuuliza kuhusu watu walioazimwa kitu, je, wana haki ya kukizuia mwenyewe akikitaka? Alipojibu hapana, akamwambia amhesabu mwanawe hivyo. Abu Talha alikasirika. Wasimuliaji wengine hulipita hilo haraka, ila hadithi imelitaja, na mimi nalipenda, kwa sababu linaonyesha alivyompenda yule mtoto. Alikwenda kwa Mtume (saw) kueleza, akaombewa baraka katika usiku wao ule, akazaliwa Abdallah. Aliyembeba kichanga kumpeleka kwa Mtume (saw) pamoja na tende za kumlambisha ni kaka yake, Anas. Watu wa Madina walikuja kuwaona watoto wa Abdallah huyo tisa, wote wamesoma Qur'an.

Bustani aliyoipenda kuliko zote ni Bayruha, iliyoelekeana na Msikiti wa Mtume, na leo eneo lake limo ndani ya upanuzi wa msikiti huo. Iliposhuka aya ya 92 ya Surat Aal Imran, juu ya kutoa katika kile mtu anachokipenda, aliitoa, na Mtume (saw) akamshauri awape jamaa zake. Akawagawia Hassan bin Thabit na Ubayy bin Kaab. Anas hakupata kitu katika bustani ile, na ni yeye mwenyewe anayetuhadithia hivyo. Hakuificha sadaka ya baba yule wala hakuipunguza.

Kuhusu kifo chake wanachuoni wametofautiana mahali na mwaka, lakini riwaya ya Anas ni hii. Alikuwa mzee, akasoma Surat Tawba, akafika aya ya 41 inayowataka watu watoke wakiwa wepesi au wazito. Akawaambia wanawe wamwandalie safari. Wakamsihi kwamba amepigana na Mtume (saw), na Abu Bakr, na Umar mpaka wote wakafariki, sasa wao watakwenda badala yake. Akakataa. Akapanda jahazi na jeshi, akafia baharini, na hawakupata kisiwa cha kumzika ila baada ya siku saba, naye mwili haukuwa umebadilika.