Liti Kidanka: Mwanamke wa Singida aliyepigana kwa nyuki

UKITAJA Singida kwa mfanyabiashara, atakutajia alizeti, kuku wa kienyeji, vitunguu na asali. Wazee wa Unyaturu hawataki asali itajwe bila Liti Kidanka, mwanamke aliyewapa Wajerumani taabu mwanzoni mwa karne ya 20. Katika baadhi ya maandishi jina lake huandikwa Leti.

Liti hakuwa mtemi. Wanyaturu wa zamani hawakuwa na mtawala mmoja. Kila eneo liliendesha mambo yake kwa koo na wazee. Kwa hiyo hakurithi kiti, hakuwa na hazina wala askari wa mshahara. Waliomfuata walimfuata kwa kuwa walimwamini.

Wakati huo serikali ya Kijerumani ilikuwa imeanzisha kodi ya nyumba tangu mwaka 1898. Kwa mkulima ambaye mali yake ilikuwa mtama, ng'ombe na asali, kodi hiyo ilikuwa na maana ya kuuza mifugo au kwenda kufanya kazi ya kibarua. Kusini, vita vya Majimaji vilipiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907. Unyaturu nako watu walichoka, na mwaka 1908 upinzani ulipamba moto. Liti ndiye anayekumbukwa kuwa kiongozi wake.

Simulizi za Wanyaturu zinasema silaha yake kubwa ilikuwa nyuki. Askari wa Kijerumani, ambao wengi walikuwa Waafrika walioajiriwa, walifika na bunduki, wakakutana na makundi ya nyuki, wakatawanyika. Bunduki haina la kufanya mbele ya nyuki.

Wapo wanaosema ilikuwa nguvu ya uganga tu. Lakini mfugaji wa nyuki akisikiliza simulizi hiyo, anasikia na jambo jingine. Nyuki wa kwetu ni wakali. Mmoja akiuma huacha harufu inayowaita wenzake, nao huja kwa mamia. Joto la mchana huwazidishia hasira. Mwenye kujua mambo hayo, na mahali mizinga ilipo, anajua pia pa kupita na pa kutopita. Mgeni hajui.

Hapo ndipo simulizi ya Liti inapotofautiana na ile ya Majimaji. Kule wapiganaji waliahidiwa kwamba dawa ya maji ingezuia risasi, na risasi haikuzuiwa. Nyuki huuma kweli, na hawachagui mwenye cheo.

Hata hivyo ushindi haukudumu. Wajerumani walikuwa na silaha zaidi na waliweza kuleta askari wengine. Simulizi zinaeleza kuwa mwishowe Liti aliuawa na upinzani ukazimwa. Kodi iliendelea kulipwa, na Waingereza waliokuja baadaye nao waliidai.

Kama mtu angepimwa kwa matokeo ya mwisho tu, Liti angehesabiwa kuwa ameshindwa. Wapo waliokuwa na vyeo siku zile, wakakusanya kodi na kupata mali, na leo majina yao hayatajwi hata na wajukuu. Jina la Liti limebaki. Uwanja wa mpira wa Singida mjini, uliojulikana kwa miaka mingi kama Namfua, sasa unaitwa Liti.

Lililomfanya kuwa mtu wa pekee si kwamba alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Mizinga ya magogo ilining'inia kwenye miti ya majirani zake wote. Kila mmoja aliona asali, nta na pombe ya asali. Yeye aliona humo ulinzi wa watu wake, akakubali kutangulia mbele, mahali ambapo risasi humpata mtu kwanza.

Nyuki hao bado wapo. Wafugaji wa Manyoni, Itigi na Ikungi wanauza asali na nta, na mwenye shamba la alizeti anafaidika hata kama hana mzinga, kwa sababu nyuki ndio wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua. Maua yasiyotembelewa na nyuki hutoa vichwa vyenye mapengo na mapepe mengi, na mafuta hupungua. Anayepulizia dawa ya wadudu mchana, maua yakiwa yamechanua, anawaua wafanyakazi wake mwenyewe.

Mjasiriamali anayelalamika kuwa hana mtaji atazame kwanza kile ambacho jirani zake wote wanacho na wamekizoea mno. Liti hakuagiza silaha kutoka mbali. Alikijua vizuri kilichokuwa nyumbani kwake, na watu wakamfuata.