Fundi wa magitaa asiyejua kupiga gitaa

Malalamiko kuhusu magitaa mapya ya umeme hayaishi. Kijana hudunduiza fedha zake mwaka mzima, akanunua gitaa linalometameta kama gari la harusi, na juma halijapita huwa amekwisha kulikatia hukumu: ni bandia, halishiki sauti. Akilisawazisha asubuhi, adhuhuri nyuzi zimekwisha kuhama. Wako wanaolirudisha dukani kwa hasira, na wako wanaoliuza kwa bei ya kutupa kwa fundi mjanja ambaye, siku mbili baadaye, hulipiga gitaa lile lile bila taabu yoyote. Kwa ajili hiyo nimeona vyema leo nimsimulie msomaji maisha ya Leo Fender, Mmarekani aliyepambana na shida hii kwa takriban miaka 40, na ambaye, ajabu ya maajabu, hakujua kupiga gitaa wala kusawazisha nyuzi zake.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika jimbo la California, wazazi wake wakiwa wakulima wa machungwa karibu na mji wa Fullerton. Akiwa na umri wa miaka minane aliota uvimbe katika jicho la kushoto, likaondolewa, akawekewa la kioo. Alijifunza piano kidogo, kisha saksafoni, lakini moyo wake ulikuwa kwenye redio. Hata hivyo chuoni alisomea uhasibu, na uhasibu ndio uliompa mkate hadi mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipomnyang'anya kazi. Mwaka 1938 alikopa fedha, akafungua duka la kutengeneza redio pale pale Fullerton.

Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji watue kidogo. Mwanamuziki hukijua chombo siku kinapoimba, bali fundi hukijua siku kinapoharibika. Waliofika katika duka la Fender walileta vikuza sauti vilivyokufa, santuri zilizokwama na magitaa yaliyolegea, naye akawa anasoma ubovu wa kila kimoja kama daktari asomavyo mapigo ya moyo. Alipoanza kuunda vyombo vyake mwenyewe, mwaka 1945 akishirikiana na Doc Kauffman na mwaka uliofuata akiwa na kampuni yake, swali lake la kwanza halikuwa uzuri. Aliuliza ni wapi chombo hiki kitaharibika, na kikiharibika kitatengenezwa vipi.

Gitaa lake la ubao mtupu, lisilokuwa na uwazi ndani, lilitoka mwaka 1950, na mwaka uliofuata likajulikana kwa jina la Telecaster. Mabingwa wa kazi hiyo walilicheka, wakalifananisha na kasia la mtumbwi. Shingo yake haikugundishwa kwa gundi kama desturi ilivyotaka, bali ilifungwa kwa skrubu nne, ili ikipinda ifunguliwe na kurekebishwa au itiwe nyingine. Kicheko hicho hakikudumu.

Tutazame kichwa cha gitaa hilo, maana siri kubwa imo humo. Nyuzi sita zilizokazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi kwa jumla, na popote zinapokwaruza zitanasa. Katika magitaa mengi ya zamani vigingi vya kukazia vilipangwa vitatu huku na vitatu huku, na uzi ulipovuka kile kipande cha mfupa chenye vijia mwishoni mwa shingo ulilazimika kupinda kwenda kando. Fender alivipanga vigingi vyote sita upande mmoja, kwa safu moja, kila uzi ukapita moja kwa moja bila kupinda. Lakini kila dawa ina uchungu wake. Kwa kuwa kichwa chenyewe hakikuinamishwa nyuma, nyuzi nyembamba zilikosa mkandamizo, ikabidi ziwekewe kikulabu cha kuzishikilia chini, na kikulabu hicho nacho kikawa mahali pengine pa kukwaruza.

Tatizo gumu zaidi lilizuka wanamuziki walipotaka mkono wa kutetemesha sauti. Mkono huo hulegeza nyuzi zote kwa pamoja, kisha huziachia zirudi, na taabu ni kwamba hazirudi zilipokuwa. Fender, akisaidiwa na Freddie Tavares, mwanamuziki mzaliwa wa Hawaii, na kwa kusikiliza manung'uniko ya mpigaji Bill Carson, aliunda mtambo wa kwanza, akausikia hauleti sauti ya kuridhisha, akautupa ingawa gharama zilikwisha kuingia. Katika mtambo wa pili daraja na mahali pa kufungia nyuzi vilikuwa kitu kimoja, kikiyumba pamoja juu ya skrubu sita na kuvutwa na springi tano mgongoni mwa gitaa. Kwa kuwa daraja lilikwenda pamoja na uzi, uzi haukusuguliwa juu yake. Gitaa hilo ni Stratocaster, la mwaka 1954.

Je, lilimaliza shida? La hasha! Jimi Hendrix, aliyefariki mwaka 1970, aliutesa mkono huo kuliko mtu yeyote kabla yake, na jukwaani mara nyingi alisimama kati ya wimbo na wimbo kurejesha nyuzi mahali pake. Mtambo huo ni mizani: springi zavuta huku, nyuzi zavuta kule. Ukigusa upande mmoja, wa pili nao hujibu.

Basi huyo kijana wetu aanze kwa kukagua kama fundi. Nyuzi mpya hunyooka, kwa hiyo azivute taratibu kwa vidole, asawazishe, avute tena, mpaka zikatae kuhama. Kwenye kigingi mizunguko miwili au mitatu nadhifu yatosha. Uzi uliorundikwa ovyo utazidi kujikaza wakati wa kupiga. Akikaza kigingi na kusikia mlio mdogo wa kukatika, kisha sauti ikaruka ghafla, ajue uzi umenasa kwenye kijia chake, na unga wa risasi ya penseli waweza kuulainishia njia. Uzi uliopita kiasi aulegeze chini ya sauti yake, ndipo aupandishe. Na gitaa likisafirishwa kutoka baridi ya Nairobi hadi joto na unyevu wa Mombasa, waya na mbao zitabadilika. Mimi husubiri lizoee chumba kabla ya kuligusa. Haya yote ni ya shilingi chache, wakati mwingine ni ya bure, na gitaa jipya linayahitaji hata likiwa la bei ghali.

Turudi kwa Fender. Maradhi ya muda mrefu yalimfanya aamini kwamba siku zake zinahesabika, na mwezi Januari 1965 kampuni yake ikauzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Baadaye alipata daktari aliyemtibu, akapona. Mtu mwingine angalivua samaki hadi uzeeni. Yeye alirudi kwenye meza yake, kwanza na kampuni ya Music Man, halafu na G&L, aliyoianzisha pamoja na rafiki yake wa zamani George Fullerton. Huko aliufumua tena mtambo wake wa mwaka 1954, akaziondoa zile skrubu sita na kuweka egemeo mbili tu, kwa kuwa sehemu chache za kusuguana huacha nafasi chache za uzi kupotea. Wakati huo alikuwa amepita umri wa miaka 70, na dunia nzima ilikwisha kuukubali mtambo wa kwanza.

Ugonjwa wa Parkinson ulimdhoofisha miaka ya mwisho, lakini hakuacha kwenda kazini. Alifariki tarehe 21 Machi 1991 akiwa na umri wa miaka 81, na siku iliyotangulia alikuwa karakanani.