Candela: Mkimbizi aliyejenga mapaa membamba kama ganda la yai

WENGI hudhani kuwa paa la zege haliwezi kuwa imara bila kuwa nene na zito. Marehemu Félix Candela aliishi akithibitisha kuwa nguvu ya paa imo katika umbo lake.

Candela alizaliwa Madrid, Uhispania, Januari 27, 1910, na kusomea usanifu wa majengo jijini humo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka wa 1936, alipigania upande wa Jamhuri. Upande huo uliposhindwa mwaka wa 1939, alikimbilia Ufaransa, akazuiliwa kambini, kisha akaabiri meli hadi Mexico.

Ugenini, alianzisha kampuni ya ujenzi mwaka wa 1950. Mwaka uliofuata, alijenga maabara ya kuchunguza miale itokayo angani, ambayo paa lake lilikuwa na unene wa takriban sentimita 1.5 tu juu kabisa. Mwaka wa 1958, katika mkahawa wa Los Manantiales mtaani Xochimilco, aliinua paa lenye umbo la ua lililochanua, lenye unene wa sentimita nne.

Siri yake ilikuwa umbo lililopinda mithili ya tandiko la farasi. Ingawa limepinda, umbo hilo hupatikana kwa kupanga mbao zilizonyooka, kisha zege humwagwa juu yake.

Hata hivyo, mbao hizo ndizo zilizomponza. Kuzipanga kulihitaji maseremala wengi, na ujira ulipopanda miaka ya 1960, kandarasi zilipungua. Mwaka wa 1971 alihamia Marekani, akafunza chuoni Chicago. Alifariki Desemba 7, 1997, mapaa ya aina yake yakiwa yameshapitwa na wakati.

Lakini hadithi haikuishia kaburini. Mwaka wa 2018, watafiti kutoka Zurich, Uswisi, walijenga jijini Mexico ganda la zege kwa heshima yake. Badala ya mbao, walifuma kitambaa kwa mashine, wakakisafirisha ndani ya masanduku ya wasafiri na kukitandaza juu ya nyaya. Kitambaa na nyaya hizo, vyenye uzani wa kilo 55 pekee, vilibeba zaidi ya tani tano za zege.

Kikwazo kilichomshinda Candela kikawa kimepata dawa, miaka 21 baada yake kuaga dunia.