Maisha ya Richard Hamming, Mtaalamu wa Hesabu

Wengi waandikao katika gazeti letu hupenda kueleza maisha ya wafalme na majemadari. Mimi nimechagua mtu wa hesabu, aliyekufa kabla sijazaliwa, ambaye kazi yake hutumiwa kila siku na watu wasiolijua hata jina lake.

Richard Hamming alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 11 Februari 1915. Alitamani kuwa mhandisi, lakini msaada wa masomo alioupata ulikuwa wa Chuo Kikuu cha Chicago, na chuo hicho hakikufundisha uhandisi. Basi akasoma hesabu, akamaliza mwaka 1937. Akaendelea na masomo Nebraska, kisha Illinois, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1942. Mwaka huohuo alimwoa Wanda Little.

Mwaka 1945, vita vikiendelea, aliitwa Los Alamos, mahali pa siri ambapo bomu la atomiki lilikuwa likitengenezwa. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine za kuhesabia. Baadaye alisimulia kwamba, kabla bomu halijajaribiwa, mwenzake mmoja alimwomba akague hesabu fulani. Alipouliza ni za nini, akaambiwa ni za kujua kama bomu hilo litaiwasha hewa yote ya dunia. Mtu aliyewahi kukagua hesabu ya namna hiyo, mimi naona, hawezi tena kuliita kosa lolote kosa dogo.

Mwaka 1946 alihamia katika maabara za Bell, kampuni ya simu. Huko palikuwa na mashine kubwa ya kuhesabu yenye maelfu ya swichi za umeme. Mashine hiyo ilikuwa na akili kidogo: swichi moja ikikosea, iligundua kuwa pana kosa, ikasimama, na watumishi wakaja kuitengeneza. Lakini mwisho wa juma watumishi hawakuwapo. Hapo mashine ilipogundua kosa iliitupa kazi yote na kushika kazi ya mtu mwingine. Hamming aliiachia kazi yake Ijumaa, akarudi Jumatatu akakuta haikufanyika. Juma lililofuata ikawa vilevile. Alikasirika sana, na katika hasira hiyo akajiuliza: ikiwa mashine yaweza kujua kwamba kuna kosa, kwa nini isijue kosa liko wapi na kulisahihisha yenyewe?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu akikuandikia barua na herufi moja ikakosewa, mara nyingi utaelewa, maana neno zima hukusaidia. Lakini mashine husema kwa 0 na 1 tu. Kelele za umeme njiani zikigeuza 0 kuwa 1, hakuna cha kukuonyesha, kwa kuwa namba mbovu nayo ni namba. Fedha mia huweza kuwa elfu, wala hakuna atakayeshtuka.

Jibu lake ni zuri mno, nami nitalieleza. Shika kalamu, msomaji. Tunataka kupeleka tarakimu nne, 1011. Hamming alizipanga katika nafasi saba: nafasi ya 3, 5, 6 na 7 ni za ujumbe, ya 1, 2 na 4 ni za walinzi. Mlinzi wa 1 huangalia nafasi za 1, 3, 5 na 7. Mlinzi wa 2 huangalia 2, 3, 6 na 7. Mlinzi wa 4 huangalia 4, 5, 6 na 7. Kila mlinzi huandikwa 0 au 1 ili jumla ya kundi lake iwe shufwa. Kwa hiyo tunapeleka 0110011.

Sasa njiani tarakimu ya sita inaharibika, na mpokeaji anapata 0110001. Anajumlisha makundi. La mlinzi wa 1 ni shufwa, halina neno. La 2 ni witiri. La 4 ni witiri pia. Jumlisha walinzi wanaolalamika: 2 na 4 ni 6. Kosa liko nafasi ya sita! Mpokeaji anageuza 0 kuwa 1, na ujumbe umepona bila mtu kuulizwa. Jaribu kuharibu nafasi nyingine yoyote, hata ya mlinzi mwenyewe, utaona.

Lakini bei yake ni kupeleka saba kwa ajili ya nne. Tena yakitokea makosa mawili pamoja, njia hii hudanganyika na kuharibu tarakimu ya tatu. Hamming alilijua jambo hilo, akaongeza mlinzi wa nane wa kulinda zote, ili makosa mawili yagunduliwe hata kama hayasahihishwi.

Kampuni ilitaka kwanza haki ya uvumbuzi huo, hivyo makala yake ilitoka Aprili 1950 tu. Claude Shannon, aliyewahi kukaa naye ofisi moja, alikuwa ameshautaja mfano huo wa tarakimu saba mwaka 1948. Wengine wakaufuata mlango huo. Chombo Mariner 9, kilichopiga picha za Mars kuanzia mwaka 1971, kilipeleka tarakimu 32 kwa kila 6 za picha, na kiliweza kustahimili makosa 7 kati ya hizo.

Hamming hakuwa mpole. Wakati wa chakula aliwauliza wataalamu ni maswali gani makubwa katika elimu yao, kisha kwa nini hawayashughulikii. Baadhi yao waliacha kula naye.

Alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1968. Mwaka 1976 aliacha kampuni, akaenda kufundisha katika chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California. Alifundisha hadi Desemba 1997, akafa tarehe 7 Januari 1998, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 83.